Kujinyima kwa Muda au Kubadili Mtazamo

Mkazi wa Kampala anayetaka kupunguza uzito kwa kawaida hukuta njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kujinyima kwa muda: huacha matoke, posho (ugali) na chapati kwa wiki kadhaa hadi kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia) au harusi ipite. Uzito hushuka haraka, ingawa sehemu kubwa ya kinachopotea siku za mwanzo ni maji yanayotoka pamoja na akiba ya wanga mwilini, wala si mafuta. Kisha mwili hupunguza matumizi yake ya nishati huku njaa ikiongezeka, na anayerudia ulaji wake wa zamani hurudiwa na kilo zake.

Njia ya pili huanzia kichwani. Mtu hajiulizi atavumilia hadi lini, bali anataka kuishi vipi. Kwa hiyo matoke hubaki sahanini, yakiwa machache kando ya maharage na mchicha, na jioni aliyokula rolex mbili (chapati zilizoviringishiwa mayai) za barabarani huihesabu kuwa jioni moja tu, si sababu ya kuacha kila kitu. (Hapo ndipo wengi wa njia ya kwanza hukata tamaa.) Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kushuka kwenye boda boda mapema ili kupanda kilima kwa miguu ni sehemu yake.

Naipendelea ya pili, ijapokuwa humchosha anayejipima kila asubuhi. Hata kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kushusha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za kisukari, hata hivyo, amwone daktari kabla ya kubadili mlo.