Leseni ipo hai, ila programu haijui

"Dada, leseni yako ipo hai kabisa. Ila programu yenyewe ndiyo haijajua."

Hayo ni maneno ya kijana wa wakala aliyeniuzia programu ya storibodi za 3D. Nikiyakumbuka mpaka leo chakula hakishuki. Jina la programu silitaji, na la wakala pia silitaji. Wao wana wanasheria, mimi nina kodi ya nyumba.

Kazi yangu ni kuchora storibodi za katuni. Skripti ikishaandikwa, kabla mtu yeyote hajaanza kumchezesha mhusika, mimi ndiye naonyesha kila shoti: nani amesimama wapi, kamera inatazama nini, nani anaingia na anatokea upande gani. Miaka yote nimetumia penseli, baadaye tableti. Halafu mwongozaji mmoja ninayefanya naye kazi hapa Dar akasema safari hii anataka za 3D. Unajenga seti ya haraka haraka, unaweka vinyago visivyo na sura, unaingiza kamera ndani, unapiga picha shoti baada ya shoti, unazipanga na sauti, animatiki hiyo. Nikasema sawa bosi. Nikalipia kwa mwezi, kwa dola.

Mambo ya uwezo wake, sijui inataka kompyuta ya namna gani, sijui ina modeli ngapi, tafuteni wenyewe, video zimejaa. Mimi nataka kuzungumzia kipanya.

Si cha kompyuta, ni zile daladala ndogo za Hiace. Kulikuwa na tukio la ndani ya kipanya. Bibi kapanda na ndoo ya samaki kutoka Feri, konda ananing'inia mlangoni, dereva anakanyaga breki, ndoo inamwagika. Daladala nimezichora mara nyingi mno. Kwenye karatasi unamweka konda huku, bibi kule, na katikati unaacha nafasi ya kutosha kuchezea ngoma, kwa sababu karatasi haibishi. Sasa nikaingiza Hiace yenye vipimo vyake halisi. Kamera nikaiweka pale nilipozoea kuiweka, nikajikuta natazama bodi ya gari kwa nje! Gari zima upana wake haufiki mita mbili, toa viti, toa magoti ya watu, kinabaki nini? Kwa lenzi ya milimita 50 naona sikio la bibi. Nikashuka 35, sikio na shavu. Nikashuka mpaka 18, haya, wote wanaonekana, ila pua ya konda imekuwa kama mwiko wa ubwabwa.

Nikakaa na hicho kipanya siku mbili nikikitukana. Siku ya tatu, katika kuhangaika, nikaiteremsha kamera mpaka sakafuni, chini ya siti ya nyuma, usawa wa ndoo. Jamani. Unaona pindo la kitenge cha bibi, unaona kandambili ya konda ikicheza kwenye ngazi ya mlango, na mbele kabisa jicho la samaki. Breki ikikanyagwa, maji yanakuja usoni kwako. Shoti hiyo kwa penseli nisingeipata hata ningechora mwaka mzima, kwa sababu isingenijia kichwani. Ningeenda kule kwenye nafasi yangu ya kuchezea ngoma.

Kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa mtu wa kuisifia. Ningeandika hii siku ile mngesoma mengine.

Ikaja Mei 2024, zile siku nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania na majirani zetu. Tarehe sikumbuki vizuri, nakumbuka tu ilikuwa Jumapili na kikao na mwongozaji kilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Nimebakiza shoti chache. Nafungua laptop, programu inanisalimia na kisanduku cha kijivu: leseni imeshindwa kuthibitishwa, unganisha intaneti. Chini yake vitufe viwili, kujaribu tena na kufunga.

Kumbe kila baada ya siku kadhaa inapiga hodi kwa seva zao huko ng'ambo kuuliza kama huyu dada bado analipa. Zamu yangu ya kuulizwa ikaangukia siku hiyo. Nilikuwa nimelipa! Faili langu liko kwenye diski yangu, naliona jina lake, naona na uzito wake, ila haliguswi. Hata kutoa zile fremu kama picha za kawaida haikubali. Nikabonyeza kile kitufe cha kujaribu tena kama mtoto aliyetumwa kuita fundi, hodi, hodi, hodi, hakuna mtu.

Simu za kawaida zilikuwa zinakubali, nikampigia kijana wa wakala.

"Dada, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Kaka, intaneti hakuna."

"Basi subiri irudi."

"Kikao ni kesho saa nne."

Kimya. Nyuma yake nasikia televisheni, mpira, watu wanashangilia. Ndipo aliponiambia hayo ya leseni kuwa hai na programu kutokujua.

"Sasa nani ataiambia?"

"Intaneti, dada."

Hakuwa ametukana, nakiri. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba usiku ni giza. Pengine ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtu akikutukana unamjibu.

Usiku ule nikanunua karatasi za A4 dukani kwa Mangi na kalamu nyeusi nene, nikachora upya kila kitu. Fremu nne kwa ukurasa. Asubuhi nikazibandika ukutani kwa selotepu, safu kwa safu, kama walivyokuwa wakifanya watu wa Disney miaka ya 1930. Vidole vyeusi, macho mekundu. Mwongozaji akapita mstari kwa mstari bila kusema neno. Alipofika kwenye kipanya akasimama.

"Hapa kamera imekaa wapi?"

"Chini ya siti ya nyuma. Sentimita thelathini hivi kutoka sakafuni. Lenzi pana."

"Inaingia?"

"Inaingia. Nimeipima."

Akaipitisha. Nami hapo ndipo hasira ikanichanganyikia, maana nilipima kwa nini? Kwa ile ile programu iliyonifungia mlango. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kwamba 3D ni upuuzi wa watu wenye dola, turudi kwenye penseli, nikayameza.

Ila penseli nayo ilisema lake. Mwongozaji alipenda mgongo wa bibi. Kile kinyago cha ndani ya programu unaweza kukikunja kiuno, kukishusha shingo, kukizungusha utakavyo, bado kinasimama kama askari wa plastiki. Kwa kalamu ni mistari mitatu tu, na mama mtu mzima aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki anaonekana. Halafu vinyago vina balaa jingine: ukimwonyesha mteja asiyejua mambo, anadhani ndiyo katuni yenyewe. "Mbona bibi hana macho?" Mama yangu, ni storibodi. Mchoro wa kalamu haujawahi kuulizwa hivyo.

Niliwaandikia wenye programu kudai siku nilizolipia nikafungiwa. Jibu likaja baada ya wiki kadhaa, limenakiliwa mahali, wanathamini maoni yangu, na chini wamenipa punguzo nikilipa mwaka mzima. Mwaka mzima! Nimewaomba maji ya kunywa, wananiuzia kisima.

Kwa hasira hiyo nikahamia Blender, programu nyingine ya 3D. Hii naitaja jina kwa sababu haijanikosea. Ni ya bure, faili lako ni lako, inafunguka hata ukiwa shimoni, haimpigii mtu hodi. Mwaka 2002 watumiaji walichanga euro 100,000 kuikomboa iwe mali ya wote, na nikiwaza kile kisanduku cha kijivu naona walichanga kwa ajili yangu. Ina Grease Pencil, unachora kwa mkono ndani ya nafasi ya 3D: kipanya kikabaki cha vipimo, bibi nikamchora kwa mistari yangu mitatu. Na kama mtu anaona ni ya wanafunzi, filamu ya *Flow* ya yule Mlatvia, Gints Zilbalodis, iliyochukua Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa humo. Yeye storibodi hakuchora kabisa. Aliingia na kamera ndani ya dunia yake ya 3D akatafuta shoti humo humo, kama mimi chini ya siti, ila yeye hakufungiwa na mtu.

Ningependa kuishia hapo, nihesabike mshindi. Lakini Blender haikutengenezwa kwa storibodi peke yake. Kupanga shoti, kuzipa namba, kuingiza shoti mpya katikati na namba zote zijisogeze zenyewe, kutoa kitabu kizima cha PDF kwa kubonyeza mara moja, yote hayo inabidi ujitengenezee au utafute nyongeza za watu. Ile nyingine inafanya wakati wewe unachemsha chai. Kazi ya dakika tatu nikaivumilia. Ilipokuja ya dakika kumi na moja, na mwongozaji kila siku anabadilisha mpangilio...

Nimerudi, ndiyo. Jana ujumbe wa benki umeingia, wamekata dola zao. Kijana wa wakala aliniandikia "karibu tena dada," na sikumjibu. Sasa hivi kila jioni kabla sijalala natoa fremu zote kama picha, nazitia kwenye flashi, na kukiwa na kikao nazipeleka stationery zikachapwe. Wananitoza mia mbili kila ukurasa.