Rimu za inchi 27 au za 700C?

Baiskeli yangu ya resi, fremu ya chuma ya miaka ya 1970, niliinunua ya mtumba hapa Moshi ikiwa na rimu zake za inchi 27, chuma chenye kromu. Zinapendeza, sikatai. Kutu niliitoa kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, zikameremeta.

Tabu ni mvua. Wakati wa masika, ukishuka kutoka Marangu, mpira wa breki unateleza juu ya kromu kama sabuni. Unabana, unangoja, ndipo baiskeli inakumbuka kusimama. Rimu za alumini za 700C, saizi ya baiskeli za resi za siku hizi, zinashika hata zikilowa, na ni nyepesi, jambo utakalolishukuru ukipanda kwenda Kibosho. Tairi zake pia hupatikana. Za inchi 27 fundi huniambia "rudi wiki ijayo, kaka," na wiki hiyo haijafika mpaka leo.

Ila kubadili kuna hesabu. Tairi ya 27 hukaa kwenye kipenyo cha milimita 630, ya 700C kwenye 622, haziazimani kabisa. Kwa hiyo mpira wa breki lazima ushuke milimita 4, nusu ya tofauti hiyo. Pima kwanza: kama mkono wa breki, ule unaoshika mpira, una nafasi ya kuuteremsha, umepona. Kama hauna, tafuta breki za mikono mirefu.

Baiskeli ya kuwaonyesha wageni, iachie kromu yake. Yangu ni ya kupanda, nimefunga 700C. Zile za zamani nimezitundika ukutani, na mke wangu ameshaanika vitambaa juu yake.