Redio za 60 GHz hapa Kigoma: mvua inasingiziwa, kumbe hata hewa inakula

Nina steshenari Mwanga na kiofisi kingine mtaa wa pili, nikataka intaneti ya sehemu moja itumike kote. Redio za kurushiana intaneti hewani kwa masafa ya 5 GHz nilishazichoka, kila paa lina antena, ikifika jioni spidi inakufa kabisa. Ndo nikachukua pea ya redio za 60 GHz, vidishi vidogo tu, muuzaji akaniapia kilomita moja na nusu zinafika bila shida.

Paa kwa paa, kama mita 300 hivi, zinatembea balaa. Gigabiti nzima kwa sekunde inapita, ukurasa wa redio unasoma -52 dBm (nguvu ya mawimbi yanayofika kwa desibeli, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndo dhaifu zaidi) na namba haichezi. Shida ilianza tulipohamishia upande mmoja kwa jamaa yangu kule chini kuelekea ziwani, kama mita 900, kiangazi, jua linawaka, wingu hakuna, ikashuka mpaka -71. Fundi akasema dishi halijalenga, tukalenga weee, wapi.

Sasa piga hesabu. Kutoka -52 mpaka -71 zimepotea desibeli 19. Umbali ukiwa mara tatu mawimbi yanapungua desibeli kama 9.5 kwa kutawanyika tu, hata kama kusingekuwa na hewa. Hizo 9 na ushee zilizobaki ni oksijeni, hii hii tunayovuta, maana molekuli zake zinafyonza sana mawimbi ya kuzunguka 60 GHz, usawa wa bahari ni kama desibeli 15 kila kilomita, yaani katika sehemu 30 ulizotuma inavuka moja. Mvuke wa maji nao una sehemu yake, 22 GHz, ila pale hauli hivyo. Kwenye 5 GHz hewa haina habari na wewe.

Mvua kubwa ikija juu ya hapo ndo basi, mita 900 inakata mpaka ipungue, mita 300 inayumba lakini inashika.

Mimi nazipenda kwa sababu hiyo hiyo ya kuliwa. Redio ya jirani wa mbali inaishia njiani, hainifikii, kwa hiyo makelele hakuna. Ila ni za mita 300, 400 tu, usidanganywe na umbali ulioandikwa kwenye boksi. Anayetaka kuvuka kilomita aulizie za 70 na 80 GHz, huko oksijeni inalegea, haifiki hata desibeli moja kwa kilomita, mvua tu ndo itamkuta palepale, na bei yake sasa, mh.