Trafalgar Square, London: shusha macho, usiishie kwa Nelson

Nianze na pesa: kuingia katika uwanja huu wa wazi katikati ya jiji ni bure, na hakuna foleni ya tiketi. Ukishuka kituo cha Charing Cross, ni mwendo wa dakika chache tu. Kwa jiji linalomkamua mgeni kama London, hilo tayari ni jambo la kushukuru.

Wengi huvutwa na nguzo ya Nelson, nami naona ndiyo inayochosha upesi. Urefu wake unapita mita 50, hivyo yule admirali aliyeuawa vitani mwaka 1805 huonekana mdogo kama kidole. Shingo inauma bure. Shusha macho, zunguka upande wa kusini unaotazama mtaa wa Whitehall. Kwenye kitako cha nguzo kuna bamba la shaba linaloonyesha kifo chake, na mwisho kabisa kushoto amesimama baharia Mweusi, bunduki mkononi. Nilikaa pale nikimtazama, huku watu wakinipita mbio kwenda kupiga picha na simba.

Simba wenyewe wako wanne, kazi ya msanii Edwin Landseer, waliwekwa mwaka 1867. Wanapendeza, lakini aliyewahi kumwona simba halisi atakwambia zile nyayo ni za mbwa. Waingereza nao huwatania hivyo hivyo.

Mimi hasa nilifuata jukwaa la nne kati ya majukwaa ya sanamu yaliyo kwenye pembe za uwanja, lile la kona ya kaskazini-magharibi. Lilijengwa kubeba sanamu ya Mfalme William IV, fedha zikaisha, likabaki tupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 huwekwa kazi za muda za wasanii wa sasa. Nilipofika mwaka 2023 nilimkuta John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, Malawi ya leo, katika sanamu ya msanii Samson Kambalu iliyotokana na picha ya 1914. Kavaa kofia yake kichwani, enzi ambazo Mwafrika alitakiwa kuivua mbele ya Mzungu. Pembeni yupo mmishenari John Chorley, na Chilembwe kafanywa mkubwa kumpita mbali. Mwaka uliofuata picha ile aliongoza uasi dhidi ya wakoloni, akauawa. Na kumbuka majukwaa mengine mawili yamebeba majenerali Napier na Havelock, waliopigana kuitiisha India! Sijui nani alicheka zaidi, mimi au Kambalu.

Sanamu hiyo iliondolewa 2024. Kazi hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo angalia kwanza kilichopo ndipo upange safari.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu mchana kunafurika, na ukichoka unaambulia ngazi au ukingo wa chemchemi. Nenda asubuhi mapema, halafu milango ikifunguliwa ingia jumba la sanaa la National Gallery hapo hapo juu ya ngazi. Michoro ya kudumu nayo huilipii, na vyoo viko ndani.