Tanuri dogo la maikrowevu kwa mapambo ya kioo: linafaa Lubumbashi?

Jambo yenu, ndugu zangu! Hapa mezani nina tanuri dogo la kuyeyushia kioo, lile linaloingizwa ndani ya maikrowevu. Mmeniomba nilijaribu kabla ya Noeli, kwa sababu mmeona yale mapambo ya Ulaya na Marekani, majani mekundu, maboga, miti yenye theluji, mkataka kujua kama mtu anaweza kuyatengeneza nyumbani kwake Katuba au Kamalondo. Anaweza. Bakuli na sahani ndizo atakazozikosa.

Ndani ya sanduku kuna tanuri lenyewe, vipande vya kioo cha rangi, chenga za kioo kwenye vichupa, karatasi ya kauri ya kuzuia kioo kisigande, kikatio na glavu. Haya matanuri yanauzwa kwa majina mengi lakini umbo ni lile lile: kifuniko cheupe cha nyuzi za kauri, chepesi mno, na ndani yake kimepakwa kitu cheusi. Huo weusi ndio moto wenyewe. Unanyonya mawimbi ya maikrowevu, unawaka, na kioo kinafika karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Kwa joto hilo vipande viwili vya kioo vinakuwa kimoja, kingo zinajiviringa zenyewe, huna haja ya kupiga msasa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sababu yangu ya kulipenda iko hapa. Tanuri kubwa la umeme linapanda kwa saa nyingi, halafu lazima lishuke taratibu na kutulia karibu na nyuzi 500, ili kioo kitoe mvutano uliobaki ndani yake. Umeme ukikatika wakati huo, na nyinyi wenyewe mnajua mambo ya umeme wa hapa, kazi inaweza kupasuka palepale, au ikapasuka mwezi ujao ikiwa tayari shingoni mwa mteja. Hili dogo linamaliza moto kwa dakika chache tu. Baada ya hapo halihitaji umeme tena: unalitoa, unaliweka juu ya tofali, unaliacha limefungwa kama dakika 40 mpaka lipoe. Usifunue kuchungulia! Hewa baridi ikiingia, kioo kinalia "ta!" na kazi imekwisha.

Kasoro ya kwanza ni karatasi ya maelekezo. Inakupa dakika kamili, eti kwa wati 800 fanya hivi, kwa wati 1000 fanya vile. Hapa kwetu jioni, watu wote wanapopika, umeme unakuwa dhaifu na maikrowevu haitoi nguvu iliyoandikwa mgongoni. Saa haitakusaidia. Angalia mwanga kwenye tundu la kifuniko: ukiwa mwekundu wa kufifia, bado. Ukiwa wa machungwa mkali, zima.

Tuje kwenye rangi. Michoro iliyomo ni ya majira ya majani kupukutika huko kwao, mwezi wa 10 na wa 11. Mimi nimeiweka pembeni. Sisi majani yetu mekundu tunayaona mwezi wa 9, pale miombo ya nje ya mji inapochipua kabla ya mvua: mengine mekundu kama divai, mengine rangi ya shaba, halafu ndani ya wiki chache yote ni kijani. Hayo ndiyo nimeyatengeneza. Tazama hereni hii.

Mnaona mstari wa kahawia katikati ya jani? Sijauchora. Vioo vingi vya njano na vyekundu vina salfa au seleniamu, na vile vya bluu-kijani vingi vina shaba. Ukivilaza vigusane motoni, mpakani panatokea mstari mweusi au wa kahawia. Wasiojua wanadhani kioo kimechafuka. Mimi nauwekea unyuzi mwembamba wa bluu-kijani makusudi, nao unakuwa mshipa wa jani.

Na unene: kioo kikiiva kabisa hutaka kuwa kama milimita 6. Tabaka moja la milimita 3 litajikunja lipungue, matabaka matatu yatatapakaa. Weka mawili, umbo litabaki.

Kwa Noeli sikutaka mti wa theluji. Nimefanya msalaba wa Katanga, ule wa shaba uliokuwa pesa ya wazee. Unatoka kirahisi kuliko nyota, maana kikatio kinapenda mstari ulionyooka na kinachukia kona za ndani. Kata vipande viwili vyembamba, vipishanishe, vichome kidogo tu vishikane bila kulainika kabisa. Zikiiva kupita kiasi, ncha zinakuwa vidole vinene.

Najua mtakachoniambia: "Kaka, si utie shaba yenyewe? Tuko Lubumbashi!" Shaba katikati ya vioo inapendeza kweli, inageuka wekundu mzito au bluu-kijani kutegemea hewa iliyoipata. Lakini ifanye kwenye tanuri la umeme. Chuma chochote na maikrowevu ni cheche.

Jambo litakalokuumiza mfuko ni kioo. Hiki cha sandukuni kinaisha upesi, na kingine kinatoka mbali. Halafu hakichanganyiki ovyo. Kuna kioo cha namba 90 na cha namba 96, namba hiyo ni kipimo cha kutanuka kikipata joto. Ukiunganisha hivyo viwili, vikipoa vitasinyaa kwa viwango tofauti na kimoja kitamvunja mwenzake. Vipande vya madirisha kutoka kwa fundi vioo ni bure au karibu na bure, na vinayeyuka vizuri, ila kipimo chake ni kingine. Viunganishe vyenyewe kwa vyenyewe, vya dirisha moja ikiwezekana, na rangi iwe ile ya kuchomea kioo cha dirisha. Chupa ya bia na chupa ya soda, usizioanishe.

Shimo la kutundikia huna haja ya kulitoboa: viringisha kipande chembamba cha ile karatasi ya kauri, kiweke katikati ya matabaka, choma, kisha uoshe. Njia ya uzi inabaki.

Kwa mama anayeuza hereni na vidani, anayeniuliza "nilinunue?", nasema ndiyo. Anayetaka sahani asubiri, nafasi ya ndani haizidi kiganja. Glavu za sandukuni ni nyembamba, zitupe, tafuta za wachomeleaji wa vyuma. Vaa barakoa unapokata karatasi ya kauri, vumbi lake si la kuingia mapafuni. Na maikrowevu utakayochomea kioo, mama, usiitie chakula tena. Tafuta nyingine ya zamani, iweke barazani, watoto wakae mbali nayo.