Protekta ya simu ya kuzuia mng'ao na maji: miezi mitano kwenye bajaji

Niliinunua Kariakoo mwezi wa pili, elfu kumi na nane pamoja na kubandikiwa. Zile za elfu tatu zilishanichosha. Saa saba mchana pale Mwenge nikiangalia ramani naona sura yangu na mawingu, njia siioni.

Hii ni plastiki laini, siyo kioo. Ukiilaza upande inatoa rangi ya zambarau kwa mbali, nami nilidhani ni kasoro. Kumbe ndiyo dawa yenyewe: tabaka jembamba, kama nanomita 100, ambapo mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake unauana. Usichanganye na zile za ukunguukungu. Zile zinatawanya mwanga tu, na maandishi yanakuwa na chengachenga. Kwa jua la Dar, hapa sina neno. Mpaka leo nasoma jina la mtaa bila kukinga simu kwa kiganja.

Maji ndiyo yenye kesi. Kioo cha simu hudhani tone la maji ni kidole, na mvua ya mwaka jana iliwahi kunifutia safari ya abiria nikiwa nimeshafika getini kwake. Masika haya, wiki za mwanzo, matone yalikuwa yanaviringika na kuanguka kama kwenye jani la gimbi. Raha tupu.

Mwezi wa nne nikaona sehemu ya chini kulia, dole gumba linapopita kutwa, maji yanatandaa. Kwenye kona za juu bado yanaviringika. Muuzaji aliniapia kwamba mpako wa kuzuia maji haufutiki maisha. Bwana wee! Na mimi nina kosa langu: nilikuwa nafuta vumbi la Goba kwa kitambaa kikavu, yaani naipigia msasa mwenyewe. Siku hizi nalowesha kwanza.

Tena usiibandue ukairudishia. Niliikunja kona kidogo nitoe punje ya mchanga, ikabaki na nyufa kama nywele. Plastiki inavutika, ule mpako wa juu ni mgumu, hauvutiki, unapasuka.

Kwa mng'ao nitanunua tena kabla ya vuli. Kwa maji, bado natembea na mfuko wa nailoni chini ya siti.