Dell G5 ya mtumba kutoka Kariakoo: mashine safi, chaji ya kitapeli

Nianze na chaji, maana ndiyo iliyonikera. Duka moja la Kariakoo limeniuzia laptopu ya gemu, Dell G5 5590, prosesa i7-9750H na kadi ya picha GTX 1660 Ti, ya mtumba, kwa maneno yao "imefanyiwa ukarabati, kama mpya". Ndani ya mfuko wakatia chaji ya wati 90. Mashine hiyo inataka wati 180. Wamenipa nusu ya umeme kwa bei kamili.

Kuna watu wataniambia chaji ni chaji, mradi inaingia. Kuingia inaingia, na hapo ndipo mtu anapoibiwa. Kwa miaka mingi Dell wametumia kichwa kilekile cha milimita 7.4 kwenye Latitude za ofisini, Precision na mashine za gemu. Katikati ya kichwa hicho mna pini nyembamba inayoiambia laptopu imechomekewa wati ngapi. Ikigundua chaji ni dhaifu, mashine inajihami: inabana kasi ya prosesa na kuchota betri kufidia pengo. Piga hesabu mwenyewe. GTX 1660 Ti ya laptopu hula hadi wati 80 peke yake. Prosesa imepangiwa 45, na ikipandisha kasi hupita hapo kwa muda. Hapo hujagusa kioo, feni, SSD, wala betri yenyewe inayotaka kujazwa. Wati 90 zitatosha nini?

Ubaya wake ni kwamba dukani huoni kitu. Windows inafunguka haraka, filamu inacheza, taa ya chaji inawaka. Hata gemu linaanza vizuri, kwa kuwa betri inabeba upungufu kimyakimya. Baadaye fremu (picha za gemu kwa sekunde) zinaporomoka kutoka 60 hadi kumi na kitu, sauti inakatikakatika, na asilimia ya betri inashuka huku waya umechomekwa ukutani. Wengi wakifika hapo hulaumu joto. Wanampelekea fundi, anapiga blowa, anapaka pesti mpya ya kupozea prosesa, analipwa, na tatizo linabaki palepale. Kabla ya kumlipa fundi, fungua HWiNFO, programu ya kupima hali ya mashine, na utazame joto na kasi ya prosesa kwa pamoja. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 na kasi ikashuka, hilo ni joto: mapezi ya kupozea yamezibwa na vumbi au pesti imekauka. Nyuzi zikiwa 60, feni zimetulia, na kasi imeganda chini ya gigahezi 1, basi mashine ina njaa ya umeme. Pesti haitasaidia kitu.

Sasa niseme kilichonipandisha hasira kweli. Dell ikichomekewa chaji ndogo hutoa onyo inapowaka, kabla hata ya Windows. Yangu haikuonya hata mara moja. Ukiingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2 inapowaka, kwenye sehemu ya POST Behavior kuna kipengele cha Adapter Warnings, ambacho kiwandani huja kimewashwa. Kwangu kilikuwa kimezimwa. Nilitaka kuwatetea, pengine aliyekizima ni mwenye mashine wa kwanza huko Ulaya. Niliporudi dukani kuuliza, kijana wa kaunta akajibu bila kupepesa macho: "Tunazizima zote boss, zinasumbua wateja." Zote! Kwa hiyo wanajua. Wanaijua chaji, wanalijua onyo, na wameamua mteja asilione.

Nikamwomba anibadilishie chaji. Akacheka mbele ya wateja wengine: "Mashine si inawaka? Huu ni mtumba, ulitaka nini tena?" Waranti yao ya mwezi mmoja, eti, ni ya mashine tu, chaji haimo. Risiti nayo imeandikwa "laptop" na bei, basi, hakuna modeli wala namba.

Kwa hiyo ukienda kununua Dell ya gemu, geuza chaji usome lebo kabla hujatoa hata senti. Mstari wa pato ndio wenye ukweli: volti 19.5 zizidishe kwa ampea. Ampea 4.62 ni wati 90, 6.7 ni 130, 9.23 ni 180, 12.3 ni 240. Lebo ikiwa imebanduka au imefutika, ingia BIOS, sehemu ya Battery Information, aina ya chaji iliyochomekwa imeandikwa pale. Ikisema haitambuliki, hiyo ni feki au pini ya katikati imekatika, na betri haitaingia chaji hata kidogo. Kisha chukua Service Tag, zile herufi na namba 7 chini ya mashine, ziingize kwenye tovuti ya Dell. Utapata orodha ya vipande vilivyotoka kiwandani, chaji ikiwemo. Muuzaji hawezi kubishana na orodha hiyo. Dai Service Tag iandikwe kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti itaje chaji na betri kwa jina.

Nenda pia na flashi yenye HWiNFO na gemu moja zito, ucheze dakika 20 ukiwa umechomeka waya. Kama betri ilikuwa 80 na sasa ni 74, umeshapata jibu. Duka likikuambia kujaribu ni dakika 2 tu, toka nje. Duka la pili ni hatua tano mbele.

Je, bora mpya? Siku nilipotoka kwenye kaunta ile ningesema ndiyo, mtumba wote ni utapeli. Lakini tuwe wakweli. Mpya za bei ya chini mara nyingi zina RTX 2050 ya GB 4 au RTX 3050 ya GB 4, na RAM ya kipande kimoja cha GB 8. Na hiyo RTX 3050 inaruhusiwa kuendeshwa kwa wati kuanzia 35 hadi 80. Mbili zenye jina moja zinaweza kupishana sana, na muuzaji anasema "RTX" tu. GTX 1660 Ti ina GB 6 na njia pana ya kumbukumbu. Haina DLSS, ile teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwa akili mnemba, hilo ni pengo kweli kwa magemu ya sasa, ila kwa gemu za mpira na za kupigana bado naiamini zaidi ya 2050. RAM unaongeza mwenyewe: vipande 2 vya GB 8 badala ya kimoja, fremu zinapanda bila kugusa kingine.

Mpaka wangu kwenye mtumba ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zile i7-7700HQ na GTX 1050 Ti zinazopangwa mbele ya duka hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada Oktoba 2025. Ziache hata kwa bei ya kutupa.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Nimenunua kwingine chaji halisi ya wati 180, iliyotumika, BIOS ikaitambua mara moja, na fremu zimetulia hata usiku wa joto la Dar. Nilikuwa nimeandika nyota nne kwa laptopu na mbili kwa duka, kwa sababu bei yao ilikuwa nzuri na kioo hakina doa.

Mbili hizo nazifuta. Nimetoa ripoti ya betri kwa amri ya Windows, powercfg /batteryreport. Kiwandani betri ilikuwa na mWh 60,000, sasa inabeba elfu thelathini na kitu. Betri inayochotwa kila gemu likifunguliwa, ijapokuwa waya uko ukutani, huchakaa haraka, na hii imechotwa hivyo tangu siku niliyoinunua kwa ajili ya chaji waliyochagua wao na onyo walilozima wao. Betri hiyo nawadai.